Vikopo vinne, nyenje mmoja mmoja: kisa cha watoto wa tarantula waliogoma kula

Mwishoni mwa Novemba, saa tano usiku, mpwa wangu anayesoma Dortmund, Ujerumani, alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba, samahani kukusumbua usiku. Wale buibui wangu hawali, wiki ya tatu hii. Na mmoja nadhani ameshakufa." Nilimwambia asimwage kitu, asisafishe, asifukue. Avifunike vikopo aviache kama vilivyo, Jumamosi nitakuja mwenyewe. Nakaa mwendo wa saa moja kwa treni kutoka kwake, na tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, nimewafuga miaka kumi na minne sasa. Kusafisha nilimkataza kwa sababu ndani ya kikopo cha mtoto wa buibui kila uchafu ni ushahidi: kipande cha mguu wa nyenje, gamba lililovuliwa, tundu lililozibwa kwa utando. Ukishafuta na kumwaga, unabaki kubahatisha.

Alichotaka kwangu ni kile wanachotaka wote wanaoanza: nimtajie mdudu wa kununua, anunue, mambo yaishe. Nilichokuta ni watoto wanne waliolishwa mdudu mmoja, siku zilezile, ndani ya chumba kimoja, na kila mmoja yuko katika hali yake. Hapo ndipo nilipoona kisa hiki kinafaa kuandikwa.

Watoto hao ni wa aina ya Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kitaalamu na Pocock mwaka 1897. Wale wa rangi ya chungwa, wafugaji wa Ulaya wanawaita Usambara, kwa jina la milima yetu. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, milima ile niliiona kila nilipofungua mlango asubuhi, na Mjerumani nikimtajia Usambara anakumbuka kwanza lile ua la zambarau la kwenye vyungu vya dirishani. Huyu buibui wanamjua wachache. Anapatikana Tanzania, Kenya na nchi kadhaa za kusini mwetu. Wale wa mpwa wangu walizaliwa hukuhuku Ujerumani, mikononi mwa mfugaji. Ni buibui mwenye mbio na hasira, hana zile nywele za kuwasha ambazo tarantula wengi wa Amerika hurusha, hivyo kinga yake ni kuuma, na sumu ya mkubwa wake inaleta maumivu makali na mikazo ya misuli inayoweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo, hata akiwa mdogo, mkono hauingii kwenye kikopo. Kazi yote ni ya kibanio kirefu.

Udogo wao ndio kiini cha kisa. Ukipima kutoka ncha ya mguu wa mbele hadi ncha ya mguu wa nyuma ulikuwa unapata sentimita moja. Ondoa miguu, ubaki na kiwiliwili: milimita nne, tano akinyooka vizuri. Punje ya mtama.

Mpwa wangu aliwaweka kila mmoja kwenye kikopo cha plastiki cha mchuzi, kile kinachokuja na chakula cha kubeba, akatoboa matundu kwa sindano ya moto, akajaza nusu vumbi la makumbi ya nazi. Vikopo alivipanga juu ya rafu karibu na hita, nyuzi joto 24 au 25. Mpaka hapo sikuwa na la kumlaumu. Kwa chakula alikwenda duka la wanyama, akasema anafuga tarantula, akapewa boksi la nyenje lililoandikwa "wadogo". Kila Jumanne na Ijumaa aliangalia vikopo, na kila kisichokuwa na nyenje alikitilia mmoja mzima anayeruka. Asipoliwa, anabaki humo.

Nilipofika, baada ya chai, sikuanza na buibui. Nilichukua rula nikampima nyenje. Milimita saba, bila vipapasio vya kichwani. "Mjomba, lakini boksi limeandikwa wadogo," akaniambia. Ni wadogo kwa mjusi. Kwa buibui wa milimita tano, nyenje wa milimita saba mwenye mapaja ya kurukia na taya za kutafuna ni sawa na kumfungia mtoto wa chekechea chumba kimoja na beberu, halafu ukamwambia hiki ndicho chakula chako cha mchana. Kuna mtoto atakayethubutu, ndiyo. Tarantula ni jasiri, nimeshaona mmoja akimwangusha mdudu mkubwa kuliko yeye. Lakini huwezi kupanga malezi ya viumbe wanne kwa kutegemea shujaa mmoja.

Tukafungua kikopo cha kwanza. Buibui amekufa, amelala chali, karibu na gamba lake alilotoka kulivua. Nyenje alikuwa hai, amenenepa, amekaa pembeni. Nikachukua lenzi ya mkono na taa ya simu. Tumbo la buibui lilikuwa limetafunwa upande mmoja, na miguu miwili haikuwepo. Nikamgeuza kwa ncha ya kibanio nikatazama chonge zake. Nyeupe, kama zimechongwa kwenye pembe ya ndovu. Chonge za tarantula aliyekomaa ni nyeusi. Anapotoka kujivua gamba huwa nyeupe na laini, kisha huwa nyekundu, kisha huwa nyeusi kadiri zinavyokauka. Kwa mtoto wa kimo hiki inachukua siku kadhaa. Kwa hiyo huyu alikuwa amejivua salama, amelala akisubiri mwili ukakamae, hana silaha, hana nguvu, na ndani ya chumba kilekile yumo mdudu mwenye kiu. Nyenje hali majani tu. Akikosa maji na chakula anatafuna chochote kilicho laini na chenye unyevu. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimwacha anyamaze.

Kikopo cha pili kilikuwa cha dharura. Buibui yuko hai, lakini amekaa juu kabisa ukutani, mbali na udongo, na tumbo lake limesinyaa, lina mikunjo, limekuwa dogo kuliko kile kigao cha mbele kinachobeba miguu. Tumbo la buibui ndiyo ghala yake, ukilitazama unajua kilichomo. Udongo ulikuwa mkavu mpaka unatimka vumbi. Wengi wanasoma kwamba aina hii ni ya nchi kavu, wakadhani mtoto naye hahitaji maji. Mkubwa ana akiba, na kule porini mtoto anakaa kwenye tundu ambamo hewa ni nzito kidogo. Mwili mdogo hukauka haraka. Nyenje alikuwa akizunguka chini, na kila alipomgusa buibui mguu, buibui alikimbia.

Kikopo cha tatu kilinifurahisha, ingawa mpwa wangu ndicho alichokihofia zaidi. Buibui alikuwa amechimba, akaziba mlango wa tundu kwa utando mzito uliochanganywa na udongo. Kwa upande, kupitia plastiki, aliweza kuonekana: tumbo nene, limekaza, linang'aa kama limepakwa mafuta. Siku tisa hajala. "Nimemfukua mara mbili nimpe chakula," akasema kwa sauti ya chini. Huyu hakuwa mgonjwa wala hakuwa na njaa. Ameshiba, na anajiandaa kuvua gamba. Kipindi hicho tarantula anakataa kila kitu. Kumfukua ni kumbomolea nyumba wakati anaihitaji kuliko wakati mwingine wowote, na kumtilia nyenje hai ni kurudia yaliyotokea kwenye kikopo cha kwanza.

Na kikopo cha nne? Mzima, mnene wa wastani, utando umetanda vizuri, mabaki ya chakula yapo. Kwa nini huyu amekula? Nilimuuliza mpwa wangu amefanya nini tofauti. Akasema hakuna. Nikamwambia akumbuke vizuri, siku baada ya siku. Ndipo akasema, kama anayeungama, kwamba Ijumaa ya wiki ya kwanza alifunga kifuniko vibaya kikambana nyenje, akafa amepasuka. Alitaka kumtoa lakini alikuwa anachelewa basi la chuo, akamwacha. Aliporudi jioni hakumkuta mahali alipokuwa. Wiki iliyofuata buibui alipomkamata nyenje hai, alikuwa ameshajivua na kuongeza kimo.

Basi huo ulikuwa ufunguo wa vikopo vyote vinne, na aliushika mkononi wiki mbili bila kujua. Mtoto wa tarantula anakula mzoga.

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi buibui anavyokula, maana watu wakisikia mzoga wanakunja uso. Tarantula hatafuni na kumeza kama sisi. Anammwagia mdudu maji ya kumeng'enya chakula, anamponda kwa yale mataya yanayobeba chonge, nyama inayeyuka nje ya mwili, kisha ananyonya mchuzi kwa tumbo lenye misuli linalovuta kama pampu. Kinachobaki ni kidonge kidogo cha magamba na makapi. Kwa mpango huo, nyama ya nyenje aliyekufa dakika tano zilizopita na ya yule aliyekufa mdomoni mwake ni kitu kimoja. Tena macho yake manane hayamsaidii sana. Anaishi kwa mtikisiko wa utando na kwa kugusa, na miguu yake inaonja. Akikanyaga kitu chenye majimaji ya nyama, anajua. Ndiyo maana chakula kilichokufa hakitupwi popote. Kinawekwa juu ya utando, karibu na mlango wa tundu, atakapopita usiku.

Tulianza na yule wa pili, na sikuanza na chakula. Nilichovya ncha ya brashi ndogo ya rangi kwenye maji, nikaacha tone moja ukutani, sentimita moja kutoka alipokaa, na lingine kwenye udongo pembeni. Alikaa dakika kumi hivi bila kutikisika. Kisha akanyoosha mguu mmoja wa mbele, akagusa ukingo wa tone, akausogeza mwili wote polepole mpaka mdomo ukazama majini, akatulia pale. Mpwa wangu alisahau kupumua.

Wakati huo nilikata paja la nyenje. Nyenje unamweka kwanza kwenye friji ya barafu mpaka afe, kisha wembe safi, unakata paja la nyuma kwa mshazari ili nyama nyeupe ionekane. Kipande kizima hakifiki milimita nne. Upande uliokatwa ndio unaotazama kwa buibui, kwa sababu gamba la paja ni gumu na hana haja ya kuhangaika nalo siku ambayo hana nguvu. Nililiweka kwenye vijinyuzi vichache alivyovifuma pale ukutani. Asubuhi mpwa wangu alinitumia picha: paja limegeuka kidonge cheusi chenye unyevu, na mikunjo miwili ya tumboni imenyooka. Alikula tena siku ya tatu, na ya sita. Baada ya hapo hukuweza kumtofautisha na wa nne.

Wa tatu tulimtoa nyenje, tukalowesha kona moja ya udongo, tukafunika. Agizo lilikuwa moja: usifungue kitundu chake hata ukiota usiku kwamba amekufa. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili gamba lilikuwa limesukumwa nje ya mlango, limekunjamana kama soksi, na mwenyewe ameonekana ndani, amepauka, miguu imerefuka. Nikamwambia asimpe kitu kwa wiki nzima. Ilimuuma, maana alishaanza kuamini kwamba kulisha ndiyo kupenda. Alivumilia.

Sasa swali lake la kwanza tulilirudia, safari hii tukiwa na msingi. Kipimo ninachokitumia ni kwamba mdudu hai asizidi urefu wa kiwiliwili cha buibui bila miguu, na kwa mtoto mwoga awe nusu yake. Kwa milimita nne au tano, wanaoingia hapo si wengi.

Wa kwanza ni inzi wa matunda wasioruka, wale wa ndizi zilizoiva kupita kiasi, ila hawa wamezalishwa bila mabawa au na mabawa yasiyofanya kazi. Wako wa aina mbili: mdogo, Drosophila melanogaster, wa milimita mbili na kitu, na mkubwa kidogo, Drosophila hydei, wa milimita tatu. Uzuri wao ni kwamba hawana taya za kumdhuru buibui, na wanatembeatembea mpaka wanajikwaa kwenye utando wenyewe. Ubaya ni kwamba buibui akishafika sentimita mbili, inzi mmoja ni kama punje ya karanga kwa mtu mwenye njaa, unatakiwa kumwaga kumi. Tulitengeneza chupa mezani kwake: ndizi mbivu iliyopondwa, oti, hamira kidogo, kijiko cha siki ya kuzuia ukungu, na karatasi iliyofinyangwa ya kupandia. Kwa joto la nyuzi 25 wale wadogo wanatoa kizazi kipya ndani ya wiki mbili, wakubwa wanachukua zaidi ya wiki tatu. Ukitaka kuwatoa bila kuwasambaza jikoni, iweke chupa kwenye friji dakika chache wapoe, uigonge mezani washuke, ndipo ufungue. Mpwa wangu alisahau kugonga mara ya kwanza. Wanaokaa naye waliijua habari ile kwa wiki nzima.

Wa pili ni nyenje waliototolewa siku chache tu, wa milimita mbili au tatu. Wanafaa, lakini wanakufa upesi kwenye boksi, na wakiachwa kwenye kikopo wanakua. Hapo ndipo kosa lile linapoweza kurudi kwa mlango wa nyuma: unamtia mdudu mdogo leo, unasahau, wiki mbili baadaye ni mkubwa.

Wale funza wa njano wa mbawakawa wa kwenye unga mimi ninawatumia wakiwa vipande tu. Mzima anazama kwenye udongo kabla buibui hajamwona, anakaa humo akiwa na taya, na anaweza kuibuka siku ambayo buibui amelala chali anajivua. Kipande cha milimita tatu, upande wa mkato ukiwa juu, ni chakula kizuri sana, laini na chenye mafuta. Usikifanye cha kila siku.

Nyama ya kuku au ya ng'ombe, hapana. Inaoza haraka kwenye unyevu, inaleta ukungu na utitiri, na mwili wa mdudu mzima una kila anachohitaji.

Ndugu zangu wa nyumbani huwa wananiuliza kuhusu kumbikumbi na mchwa. Kumbikumbi ni mkubwa mno kwa mtoto wa sentimita moja, lakini kipande cha tumbo lake kitaliwa. Mchwa mfanyakazi, yule laini mweupe, anafaa kwa kimo, ila muondoe askari mwenye taya. Siafu na sisimizi wasikaribie kikopo hata kidogo, hao ndio watakaomla buibui. Na mdudu yeyote wa kuokota, iwe Tanga au Dortmund, ana swali moja kabla ya mengine: pale ulipomwokota pamepuliziwa dawa? Kama huna hakika kamili, mwache. Dawa kidogo iliyomlegeza mende inatosha kummaliza kiumbe wa kimo cha punje ya mtama.

Ratiba tuliyoiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya rafu ilikuwa fupi. Kila siku ya tatu au ya nne: paja moja la nyenje, au inzi wawili watatu. Chochote ambacho hakijaliwa kitoke ndani ya saa 24, kiwe hai au kimekufa. Tumbo likizidi mara moja na nusu ya kigao cha mbele, punguza. Tundu likizibwa, simama. Tone la maji liwepo wakati wote, hata wakati wa kusimama, kwa kuwa anayejivua anahitaji maji kuliko nyama.

Kuna wafugaji wazoefu watakaosema nimemdekeza, kwamba mtoto aliyezoeshwa mizoga hatajua kuwinda. Sijawahi kuliona hilo kwenye rafu zangu. Kuwinda hakufundishwi, anazaliwa nako. Kinachobadilika ni nguvu na urefu wa chonge, na hivyo vyote vinatokana na chakula alichokipata wakati hajaweza kuwinda. Wa nne, aliyelelewa na nyenje aliyebanwa na kifuniko, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumrukia nyenje hai.

Katikati ya Februari wote watatu walikuwa wamepita sentimita mbili na nusu, wamehamia kwenye makopo makubwa zaidi, na utando umekuwa mzito hadi udongo hauonekani. Wa pili alimkamata nyenje hai wa milimita sita mbele ya kamera ya simu, tukio la nusu sekunde. Ilibidi niipunguze kasi video ndiyo nione mguu wa kwanza ulivyofika. Wiki iliyofuata nikapata ujumbe mwingine, safari hii mchana.

"Shikamoo mjomba. Wa tatu amefunga mlango tena."

"Marahaba. Muwekee tone la maji, na kama ulimtilia nyenje, mtoe."

"Nilishamtoa jana, nilipoona tumbo linang'aa."